Mtandio Usio na Mwenyewe

Bi Yusnidar hakuwa akiuacha mtandio ule chumbani hata anapokwenda kuoga. Aliukunja mara nane, akaufunga ndani ya bafta nyeupe, akauzungushia kiunoni chini ya kanzu yake, na juu ya yote akakaza mkanda wa kitambaa wenye ufunguo wa shaba, mrefu kama kidole changu cha kati. Asiyemjua angedhani ana mimba. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza tulipokutana jikoni, nilimtazama tumbo, nikamtazama mvi, nikasema moyoni, "Subhanallah, Uchina kuna mambo."

Ilikuwa mwaka 1999, mwezi wa kumi, Guangzhou, katika nyumba ya wageni ya ghorofa sita nyuma ya masoko ya viatu ya Liuhua. Binti yangu Swalha na mumewe Abdulwakil walipanga vyumba viwili ghorofa ya nne. Kazi yao ilikuwa kununua nguo soko la Shisanhang na kuzisafirisha Dar es Salaam na Unguja. Swalha aliteleza kwenye ngazi za soko na belo la suruali mgongoni, akavunjika mguu, na ndipo nikaitwa mimi kutoka Kikwajuni, Unguja, nije nipike, nifue, na nimzuie asisimame. Kumzuia Swalha asisimame ni kazi kuliko kufua.

Jiko lilikuwa moja kwa ghorofa nzima. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa sakafuni na kifuu katikati ya magoti, naparura nazi kwa kijiko cha bati, maana mbuzi ya nazi sikuja nayo. Mama mmoja mfupi, mweupe wa maji ya kunde, akaingia, akanitazama, akacheka kimyakimya, akatoka. Akarudi na kibao chenye meno ya chuma. Akanisogeza kwa bega lake, akaikuna nazi yote kwa muda ambao mimi ningekuna robo. Kisha akajigusa kifuani, "Yusnidar." Nami nikajigusa, "Mwanahija." Ndiyo ikawa salamu yetu.

Swalha amekaa Maskati miaka sita, Kiarabu anakijua. Bi Yusnidar amekaa Makka miaka kumi na moja akiwapikia mahujaji wa kwao, Kiarabu cha sokoni anacho. Basi Swalha akiwa ameweka mguu wenye plasta juu ya belo, alikuwa ndiye mkalimani wetu. Baada ya wiki mbili tukamhitaji nusu tu, kwa sababu dunia kwao ni dunia, kitabu ni kitab, na mengine tuliyamaliza kwa mikono.

Alitoka Sumatra, huko Indonesia, kijiji kilicho ubavuni mwa mlima unaofuka moshi. Asubuhi ukungu unaingia mpaka sebuleni. Majaluba ya mpunga yanashuka mlimani ngazi kwa ngazi, na maji yanatoka jaluba la juu kwenda la chini kwa mlizamu wa mwanzi, na hakuna anayeziba mlizamu wa mwenziwe. Chini ya madirisha kuna mabwawa ya samaki. Nyumba yao imesimama juu ya nguzo, paa limepinda ncha zikaelekea juu kama pembe za nyati, na mbele yake vihenge vitatu vya mpunga. Cha kwanza mpunga wa kula, cha pili wa kuuza. Cha tatu ni cha mgeni na fukara, na hicho, akasema, ndicho kinachojazwa mwanzo.

"Mwanzo?" nikamuuliza Swalha. "Hebu muulize tena."

Swalha akauliza. "Mwanzo, mama. Anasema njaa ya mgeni haina saa."

Nikaiweka sindano chini. Siku hizo nilikuwa nashona kofia ya Abdulwakil, ya kutoboa, ile ambayo kila ua ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi ukingoni. Bi Yusnidar alikuwa akinisogelea na kuhesabu vitundu kwa ukucha. Mkono wa mtu anayejua kazi unajuana na mwenziwe, hata bila mkalimani.

Nyumba yao kule mlimani ilikuwa na vyumba saba vimepangana mstari mmoja, na mali yote, nyumba na majaluba na mabwawa, inapita kwa wanawake. Msichana akiolewa haondoki. Hupewa chumba cha mwisho kabisa, na mume ndiye anayekuja. Akiolewa mwingine baada yake, yule wa kwanza husogea chumba kimoja upande wa jikoni. Hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka.

"Mimi," alisema Bi Yusnidar, "nilianza chumba cha mwisho kule. Leo nalala ubavuni mwa jiko. Nimeitembea nyumba yote, dada, na sijatoka nje."

Abdulwakil alikuwa amekaa mlangoni anakunja mifuko ya nailoni. Akatikisa kichwa. "Mama, msitafsiri mengi mbele ya mke wangu. Kesho nitaambiwa nilale kwenye ngazi."

"Na wanaume wa huko hupewa nini?" Swalha akauliza, akimkonyeza mumewe.

Bi Yusnidar akajibu neno moja kwa lugha yake, kisha akalitafuta kwa Kiarabu. Swalha akacheka mpaka plasta ikagonga ukuta. "Njia! Mwanamume hupewa njia. Aende ulimwenguni, atafute, arudi."

"Basi mimi ni mwenyeji wa huko," alisema Abdulwakil. "Hapa mali yangu ni njia tu, kutoka Shisanhang mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun."

Mimi nilikuwa na swali la dini, na sikulificha. Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini chuo cha Kurani nilikaa. "Muulize, na sharia je? Mtoto wa kiume ana mafungu mawili."

Bi Yusnidar hakukasirika. Alionekana mtu aliyeulizwa hivyo mara nyingi. "Nilichochuma Makka kwa mikono yangu," alisema, "nikifa kitagawanywa kama sharia ilivyosema, mpaka senti ya mwisho. Lakini majaluba si yangu. Nyumba si yangu. Mtu atarithiwa vipi kitu ambacho hakuwa nacho?"

"Ni ya nani?"

"Ya waliokwisha kufa na walio bado kuzaliwa. Sisi tuliopo tunaishika tu."

Nikafikiri kidogo. "Kama wakfu."

"Wakaf!" akapiga paja lake. "Ee, kama wakaf!"

Kuuza hawauzi kabisa. Kuweka rehani wanaweza, kwa mambo manne tu: maiti imelala ndani na hakuna cha kuizikia, binti umri umefika na hakuna cha kumwoza, nyumba inavuja, au mkuu wa ukoo anasimikwa. Na lazima wanawake wote wa nyumba wakubali. Mwaka mmoja nyuma, pesa ya nchi yao ilipoanguka, vijana waliokuwa mijini walifukuzwa viwandani wakarudi mlimani na begi moja moja. Kila mmoja alikuta jaluba la mama yake lipo pale pale, na sahani yake ipo. "Hakuna aliyeuliza umeleta nini," alisema. Usiku ule nililala nikiwaza nyumba ya marehemu mama yangu, tuliyoiuza ndugu sita tukagawana, na sasa hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuonyesha alichonunua.

Mtandio nao ulikuwa mali ya namna hiyo. Aliufungua siku ya tano ya kujuana kwetu, baada ya kufunga mlango kwa komeo. Ulikuwa mwekundu wa damu ya mzee, umefumwa kwa nyuzi za dhahabu hata wekundu wenyewe ukaonekana kwa kuchungulia: vichipukizi vya mwanzi, ngazi, mito, vitu vidogo vidogo kama kunguni vimepangwa safu. Kijijini kwao wanawake ndio wafumaji. Nyuzi za dhahabu, tangu enzi za mabibi, zilikuja kwa meli kutoka upande huu wa Makau, na mpaka leo wanaziita nyuzi za Makau. Siku hizi zinazofika ni za plastiki, zinameta mwaka mmoja kisha zinachanika. Mjukuu wa dada yake alikuwa anaolewa mwezi wa pili. Wanawake wa nyumba walikubaliana afumiwe mtandio mpya, ndugu ya huu wa zamani, na Bi Yusnidar aje Guangzhou kutafuta uzi wa kufanana.

"Walikubaliana wote?" nikauliza.

Akakunja uso. Si wote kwa mara moja. Mtandio ulikuwa haujawahi kutoka kijijini. Binamu yake, Zubaidah, alikaa siku tatu akisema, "Uzi unaweza kutafutwa kwa macho. Mali ya nyumba haipandi ndege." Bi Yusnidar ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la nyumba, ufunguo ndio ule wa kiunoni. Alisema mbele yao wote, "Mtandio ukirudi na dosari mpya, ufunguo nitautoa mwenyewe." Basi Zubaidah akakubali.

Nilimsindikiza Shisanhang mara tisa. Kule huwezi kutembea sawasawa. Mikokoteni ya mabelo inakupigia kelele nyuma, wapagazi wanakimbia na mzigo mgongoni, mikanda ya plastiki imetapakaa chini inakukamata miguu. Tunaingia duka hili, Bi Yusnidar anageukia ukutani, anachomoa pembe ya mtandio kama vidole viwili tu, muuzaji anatazama, anapunga mkono: "Meiyou, meiyou." Hakuna. Neno hilo nikalijua kuliko jina la mtaa wetu. Wengine walitoa nyuzi za plastiki zinazong'aa kama karatasi ya peremende. Yeye anauchukua uzi, anauuma kwa jino la pembeni, anautema, anashukuru, tunatoka. Hakuna siku aliyonunua kwa kuchoka. Nilimpenda kwa hilo.

Wiki ya tatu tukampata. Kichochoroni nyuma ya soko, mzee mmoja anauza mapambo ya nguo za michezo ya kuigiza ya kwao, ndevu bandia, manyoya, mikanda. Aliitazama pembe ya mtandio kwa kioo cha kukuza, akaondoa miwani, akaipangusa, akatazama tena. Akapanda ngazi ya mbao, akashuka na boksi lenye vumbi. Uzi wa pamba ulioviringishiwa karatasi ya dhahabu, mwembamba, mzito kidogo mkononi. Bi Yusnidar akauma. Hakutema. Akakaa juu ya kigoda cha mzee wa watu bila kukaribishwa, akalia.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi Bi Yusnidar alitaka kwenda kukata tiketi karibu na stesheni, ambako umati ni kama siku ya sikukuu na vibaka wana vidole vya hariri. Akaja mlangoni kwangu. Akajifungua mkanda, akanikabidhi bafta kwa mikono miwili.

"Dada Mwanahija, nishikie mpaka adhuhuri. Usiupeleke majini. Usiupige pasi."

"Kichwani pangu," nikamwambia.

Sasa nieleze nililofanya, na nilieleze lilivyo. Kwetu mgeni haondoki bila kufukizwa, na nguo ya harusi haivaliwi bila udi. Nilikuja na udi wangu wa kupika, wa sukari na miski, ndani ya kopo la maziwa. Nikasema, huu mtandio unakwenda kwenye harusi, na mwenyewe amenikabidhi kama ndugu; atakaporudi aukute unanukia, ajue nyumba alimouacha ni nyumba ya watu. Majini sikuupeleka. Pasi sikuupiga. Moshi hakuutaja, kwa sababu kwao nguo hazifukizwi, haukumpitia akilini.

Makaa nilinunua kwa mchoma viazi vitamu wa pale chini. Nikaweka makaa mawili kwenye chetezo, nikafunika kapu la mianzi la mboga, nikautandaza mtandio juu, nikatia udi. Ukapanda moshi mzuri, mweupe. Swalha kutoka kitandani akasema, "Mama, inanukia Unguja." Nikageuka kumcheka. Makaa ya kwetu ya mkoko hutulia. Yale ya mchoma viazi yalikuwa na unyevu ndani. Yakalia pwa! moja tu.

Nilipouinua mtandio, karibu na pembe ya kushoto palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya kunde, kingo nyeusi, na uzi mmoja wa dhahabu umejikunja kama mguu wa buibui.

Nilikaa chini. Sikulia; machozi hayakujua pa kuanzia.

Abdulwakil aliporudi na kusikia, alisema kwa upole, maana ni mtu mpole, "Mama, kuna fundi Liuhua, anaziba tundu la suti huoni lilipokuwa. Nusu saa tu. Bibi wa watu atarudi kwao na furaha yake, nawe utalala."

"Mama," Swalha akasema, "mpe huyo fundi. Ufunguo wa mtu uko hatarini."

Nisiseme sikutamani. Nilitamani kwa dakika nzima. Kisha nikaiona ile mikono yake miwili ikinikabidhi bafta, na kucha zake fupi za mfumaji. Nikachukua kigoda nikaenda kukaa ukumbini mbele ya lifti, na mtandio mapajani, tundu likiwa juu, nimngoje.

Lifti ikafunguka. Bi Yusnidar akaliona tundu kabla ya kuniona mimi. Alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji, akaligusa tundu kwa ncha ya kidole cha mwisho, akasema kitu kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayemwita aliyelala. Nikamwita Swalha aje kwa mkongojo.

"Mwambie ni mimi. Mwambie ni udi. Mwambie nitalipa, bangili zangu mbili za dhahabu hizi hapa, azichukue sasa hivi."

Swalha akatafsiri. Bi Yusnidar akatazama bangili, akazirudisha mkononi kwangu, moja moja, akizipitisha kwenye vifundo.

"Utamlipa nani, dada?" alisema. "Mimi si mwenyewe. Bibi yangu kafa. Mtoto wa mjukuu hajazaliwa. Nani atapokea?"

Swalha hakungoja. "Nimwambie basi kuna fundi," akajisemea, akaanza kueleza kwa Kiarabu habari ya Liuhua na suti. Bi Yusnidar alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba mtandio ukitandazwa siku ya harusi, mwenye ufunguo huketi akaeleza mbele ya ukoo kila alama iliyomo, na mwenye kueleza hawezi kuruka moja. "Macho ya watu yatadanganyika," alisema. "Nitakapofika kwenye pembe hii, mdomo wangu utasema nini?"

Ijumaa baada ya sala tukaenda ofisi ya simu. Bi Yusnidar alikwisha piga jana yake kwenye kibanda cha simu cha sokoni chini ya mlima, akaagiza waitwe watu wa nyumba. Tuliingia kwenye kichumba cha kioo sisi watatu, na mkongojo wa Swalha ukabaki nje mlango haufungi. Nilisikia ndani ya simu wanawake wengi, kama kuku wameingiliwa na kicheche. Bi Yusnidar alisema maneno machache tu. Kisha sauti moja kali ikapaa juu ya zote.

"Zubaidah?" nikanong'ona.

Bi Yusnidar akaitikia kwa macho. Alimwacha aseme. Alisimama wima, mkono kwenye ufunguo, na niliona kidole gumba kikianza kulitafuta fundo la mkanda, kulifungua. Alikuwa mtu wa neno lake. Nikamshika kifundo cha mkono, sijui kwa haki gani.

Kisha ikaja sauti ya mwanamume. Ni kaka wa mama yake, mjomba wa nyumba, umri wake themanini na zaidi. Hamiliki hata jaluba moja, lakini wanawake wasipoafikiana yeye ndiye hutafuta neno. Aliuliza jambo. Bi Yusnidar akajibu. Akauliza lingine. Bi Yusnidar akaanza kuhesabu kwa vidole, na baadaye alimweleza Swalha kwa Kiarabu yote yaliyosemwa, naye akanipa hesabu yenyewe: doa la mafuta, la bibi Saniah aliyejifungua siku ya karamu. Ukingo ulioliwa na panya mwaka wa njaa, kwa sababu kihenge kilikuwa kitupu na panya nao walikuwa na njaa. Mpasuko wa wakati wa vita, ulipofichwa chini ya mpunga mbichi. Na nyingine tatu, jumla alama sita.

Mzee akatoa neno lake. Kila alama ina mwenyewe, akasema, ingawa mtandio hauna. Ya saba ni ya nani? Aifunge kwa mkono wake mwenyewe, si wa fundi wa kulipwa, na jina lake liletwe pamoja na mtandio. Zubaidah akasema kitu kifupi. Mzee akamjibu kifupi zaidi, na hapo nilisikia wanawake wakicheka, na mmoja nadhani ni Zubaidah mwenyewe.

"Kasema nini?" nikamuuliza Swalha huko nje.

"Zubaidah kasema, 'Jina la mgeni ndani ya mali yetu?' Mzee kamwambia, 'Kihenge cha tatu tulimjengea nani?'"

Tukarudi. Palikuwa na jambo moja limebaki, na ndilo lililonitia aibu kuliko tundu. Bi Yusnidar alichukua karatasi. "Jina lako, dada."

"Mwanahija binti Hamadi."

"Hamadi ni baba?"

"Baba."

"Mama. Na mama wa mama. Mpaka utakapoishia."

Mwanahija binti Mize. Mize binti Tatu. Tatu binti Mwanaidi. Nikafungua kinywa, na hapakuwa na jina jingine tena. Yeye kwa upande wake aliyahesabu yake mpaka tisa bila kupumua. Nikamgeukia Swalha. "Wewe, bibi yako unamjua. Mama yake je?"

"Si umemtaja sasa hivi, mama?"

"Kabla sijamtaja."

Akatazama plasta yake.

Tatu binti Mwanaidi alikuwa ndiye aliyenifundisha kushona kofia, na mwanangu alikuwa halijui jina lake mpaka ilipoungua nguo ya watu. Nikamwambia arudie majina yote manne kwa sauti. Akarudia. Nikamwambia tena. Abdulwakil alikuwa anachemsha chai, naye akarudia kwa kujichekea, nami nikamwacha, kwani naye yatamfaa, siku moja atakuwa baba.

Nilishona Jumamosi, dirishani, tangu jua lilipopita jengo la mbele. Kilichoungua hakirudi, sikujaribu kukifanya kama hakikuungua. Nilikata weusi kwa wembe, uzi kwa uzi, tundu likawa duara safi. Bi Yusnidar akakata dhiraa moja ya uzi wa yule mzee wa kichochoroni akanipa. Nikazungushia ukingo kama tunavyozungushia kofia, pindo juu ya pindo, kila pindo likilala ubavuni mwa mwenziwe, na mwisho nikaficha uzi ndani yake, usionekane ulipoanzia. Uzi ule hautaki kuharakishwa. Ukiuvuta kwa hasira dhahabu inachubuka. Kazi ya ukubwa wa kunde ilinichukua tangu saa nne mpaka alasiri. Mara mbili nilifumua. Bi Yusnidar hakunigusa wala hakunihimiza. Alikaa mbele yangu ananimenyea machungwa.

Nilipomaliza aliuinua mtandio kwenye mwanga. Kati ya maelfu ya vichipukizi vya mwanzi, palikuwa na kitundu kimoja cha kofia ya Unguja, kinapitisha jua. Alikichungulia kwa jicho moja. Akamwita Swalha naye achungulie. Swalha akasema anaona taksi.

Jumapili alikuwa anaondoka. Kabla ya kufunga, alitandaza mtandio juu ya kitanda cha Swalha, akakaa akakunja miguu, akajaribu hotuba yake, kidole kikipita alama kwa alama. Sikuelewa mpaka alipofika pembe ya kushoto. Hapo aliyasema majina yetu manne, mimi, mama, bibi na mama wa bibi, kwa ulimi wa milimani, Mwanaidi likatoka kama wimbo. Kisha akaongeza maneno, Swalha akayatafsiri.

"Anasema: 'Aliyeuchoma alikuwa anautia harufu nzuri.'"

"Mwambie aseme kweli. Aseme ni kiherehere cha kizee."

Swalha akamwambia. Bi Yusnidar akafikiri, akatikisa kichwa. Aliuinua mtandio puani, akavuta pumzi ndefu, akanisogezea na mimi nivute. Udi ulikuwa bado umo, wa miski na sukari, umeingia kati ya uzi na uzi.

"Wao watanusa wenyewe," alisema, "waamue."

Akaukunja mara nane, akauzungushia kiunoni, akakaza mkanda, ufunguo ukalia juu yake. Abdulwakil akabeba boksi la nyuzi mpaka chini.